Kuchagua Kuku wa Mayai kwa Ufugaji wa Nyumbani

Maneno ya hotuba kwa wale wafugao, au wanaokusudia kufuga, kuku wachache nyumbani



Mtu anapoazimu kufuga kuku kwa ajili ya mayai, swali la kwanza aulizalo ni hili: Ni kuku gani atagaye mayai mengi kupita wote? Swali hilo si baya, wala jibu lake si gumu, kwani hesabu za mayai zimeandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini hiyo ni nusu ya swali tu. Nusu ya pili ni hii: Kuku huyo atakula nini, atatunzwa na nani, mayai yake yatanunuliwa na nani, na akizeeka, wa kushika mahali pake atatoka wapi? Aliyejibu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili ndiye ambaye mwaka wa kwanza huwaonyesha majirani kuku wake kwa fahari, na mwaka wa pili hubaki na banda tupu na deni la chakula dukani.

Kwa sababu hiyo yafaa kueleza hapa aina za kuku wa mayai zijulikanazo katika Kenya, faida ya kila aina na gharama yake, ili mwenye nyumba achague kuku ipasavyo nyumba yake, wala asichague kwa kufuata sifa za muuzaji.

KAZI AIFANYAYO KUKU

Kwanza ifahamike kazi yenyewe ya kutaga. Yai moja humchukua kuku muda wa saa 24 hadi 26, tangu kiini kinapotoka mahali pake mpaka yai linapotagwa. Katika muda huo, karibu saa 20 hutumika kutengeneza ganda peke yake. Ndiyo sababu hakuna kuku awezaye kutaga mayai mawili kila siku, hata alishwe namna gani. Ndiyo sababu pia kuku atagaye mfululizo huchelewa kidogo kila siku: leo hutaga asubuhi, kesho karibu na adhuhuri, kesho kutwa alasiri, kisha huruka siku moja na kuanza upya. Mfugaji asiyejua jambo hili hudhani kuku wake ni mgonjwa, kumbe yu katika desturi yake.

Karibu robo tatu ya yai, bila kuhesabu ganda, ni maji. Katika ganda lake mna kalsiamu, yaani kile kilichomo katika chokaa, kiasi cha gramu 2. Kuku atagaye mayai 300 kwa mwaka, kila yai likiwa na uzito wa gramu 60, hutoa kilo 18 za mayai, naye mwenyewe hana uzito zaidi ya kilo 2 hivi. Hutoa basi kama mara tisa ya mwili wake kwa mwaka mmoja. Vitu vyote hivyo sharti viingie kwa mdomo kabla ya kutoka kuwa yai. Kuku asiyepata chokaa ya kutosha huitoa katika mifupa yake mwenyewe, kisha hutaga mayai yenye ganda laini, na mwisho miguu humlegea.

Mwanga nao una kazi yake. Katika nchi za Ulaya siku za baridi huwa na mchana mfupi, na kuku wengi huko huacha kutaga mpaka mchana urefuke. Kenya iko juu ya ikweta, mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo kuku wa Kenya anapoacha kutaga, mara nyingi sababu si majira ya mwaka. Sababu ni njaa, au kiu, au ugonjwa, au kunyonyoka manyoya, au hamu ya kuatamia. Hamu hiyo ya kuatamia ndiyo inayotenganisha aina za kuku kuliko jambo jingine lolote.

KUKU WA KIENYEJI

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyaatamia kwa siku 21, kisha hulea vifaranga vyake kwa miezi miwili au zaidi. Akimaliza huanza tena. Huzunguka hivyo kama mara tatu kwa mwaka, na jumla ya mayai yake huwa kati ya 30 na 60, nayo ni madogo, ya gramu 40 hadi 45. Wako wa namna nyingi: kuchi wa Pwani aliye mrefu na mkali, kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu mwenye manyoya yaliyopinda kwa juu, na wengine wa kila rangi.

Asemaye kwamba kuku huyo ni mvivu hamtendei haki. Muda mwingi wa mwaka hufanya kazi nyingine ambayo mfugaji angeilipia fedha: huangua na kulea. Hujitafutia mchwa, wadudu, mbegu na majani. Humwona mwewe akiwa mbali, akalia, na vifaranga vikakimbilia chini ya mbawa zake. Hulala popote, hula kidogo, na akifa mmoja hasara si kubwa.

Tena kuku huyu anaweza kuongezewa kazi bila ya kubadilishwa. Mayai yakiokotwa kila siku, likabakizwa moja tu kiotani, huendelea kutaga kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuatamia. Vifaranga vikiondolewa kwake mapema, vikatiwa joto na kulishwa mahali pa peke yake, mama hurudi kutaga upesi zaidi. Na katika kundi lolote wamo majike watagao kuliko wenzao. Mwenye kuweka alama mguuni na kuandika ataona kwamba mmoja ametaga 20 wakati mwingine ametaga 10. Mayai ya yule wa kwanza ndiyo ya kuatamiwa, na pora atokaye kwake ndiye wa kufanywa jogoo wa kundi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

KUKU WEPESI

Katika kuku wa kigeni mashuhuri kwa mayai, wa kwanza ni Leghorn mweupe. Asili yake ni Italia, na jina lake ni la bandari ya Livorno, ambayo Waingereza huiita Leghorn. Jike lake lina uzito wa kilo 2 hivi, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, chakula chake kingi huenda katika mayai. Kundi lililochaguliwa vema hutaga mayai 250 hadi 300 kwa mwaka, yenye ganda jeupe. Joto hulivumilia kuliko kuku wazito.

Kasoro zake ni tatu. Ni mwoga: mlango ukigongwa ghafula kundi zima huruka na kujigonga ukutani, na kutaga kukapungua. Huruka ua kwa urahisi na kuingia katika bustani ya jirani. Na akizeeka, nyama yake ni chache, hata mnunuzi hutaka kulipa nusu. Tena weupe wake humwonyesha kwa mwewe. Basi huyu ni kuku wa kufungiwa bandani, si wa kuachwa atembee.

KUKU WAZITO

Kundi la pili ni la kuku wa mayai na nyama pamoja. Rhode Island Red, mwekundu wa kahawia, alitokana na wakulima wa jimbo la Rhode Island huko Marekani katika karne ya 19, na tangu mwaka 1954 yeye ndiye ndege wa jimbo hilo. Jike lake lina uzito wa kilo 3 hivi, nalo akilishwa vema hutaga mayai 200 hadi 250 ya rangi ya kahawia. Ni mtulivu kuliko Leghorn, hutembea na kuchakura, na akimaliza kazi yake ya kutaga anauzika kwa nyama.

Light Sussex wa Uingereza ni mweupe mwenye ukosi mweusi. Hutaga kidogo chini ya Rhode Island Red, lakini nyama yake ni nzuri. Plymouth Rock wa Marekani ana mistari ya kijivu na nyeusi ambayo humficha kidogo machoni mwa mwewe. Australorp ni mweusi wa kung'aa, na alitokana na kuku weusi wa Orpington waliopelekwa Australia kutoka Uingereza. Katika mashindano ya kutaga ya mwaka 1922 hadi 1923 huko Australia, majike sita wa Australorp walitaga mayai 1,857 katika siku 365, yaani zaidi ya 309 kwa kila mmoja. Lakini asisahau mtu kwamba majike hao sita walichaguliwa katika wengi, wakalishwa na kutunzwa na watu wasiokuwa na kazi nyingine. Hesabu ya mashindano huonyesha uwezo wa kuku, haionyeshi atakachotaga nyuma ya jiko.

KUKU CHOTARA WA KUTAGA

Kuku wa kahawia walio wengi katika mabanda ya wafugaji wa mayai wa Kiambu na Thika si wa aina moja safi. Ni chotara. Kampuni zinazotengeneza mbegu hutunza koo kadhaa za kuku, kila ukoo umechaguliwa kwa sifa yake, kisha huzichanganya, na yule atokaye mwisho ndiye auzwaye kwa mfugaji. Mmojawapo aliyejulikana sana ni ISA Brown, aliyetengenezwa Ufaransa na kutolewa mwaka 1978. Kuku wa namna hii huanza kutaga akiwa na majuma 18 hadi 20, na katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga anaweza kutoa mayai 300 au zaidi. Hawana hamu ya kuatamia, kwa maana hamu hiyo imeondolewa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi.

Hapo ndipo penye mtego. Watu hupenda kuweka jogoo na majike hao, wakaangulisha mayai, wakitumaini kupata kuku wengine kama mama zao. Hawawapati. Sifa za chotara hutawanyika katika watoto wake: mmoja hutaga vema, wa pili vibaya, wa tatu huatamia. Kwa hiyo mwenye kufuga chotara sharti anunue vifaranga au matembe wapya kila wazee wanapomaliza kazi, na fedha hizo aziweke akiba tangu siku ya yai la kwanza. Methali isemayo kuku mgeni hakosi kamba mguuni inamfaa huyu kabisa. Kamba yake ni gunia la chakula na safari ya kurudi kwa muuza vifaranga.

KUKU WA KIENYEJI WALIOBORESHWA

Kati ya kuku wa kienyeji na chotara wako wengine. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo liitwalo KALRO, kwa kazi ya kituo chake cha Naivasha, limetoa kuku wa kienyeji walioboreshwa kwa kuchaguliwa. Hao hutaga zaidi kuliko kuku wa kienyeji wa kawaida, hukua upesi, na huweza kutembea na kujitafutia sehemu ya chakula chao. Yuko pia Kuroiler aliyetokana na India, ambaye ni wa mayai na nyama. Lakini kuku hawa nao hawapati mayai yao bure. Mwili mkubwa unahitaji chakula zaidi ya kile kipatikanacho uani, na hamu yao ya kuatamia ni ndogo. Mwenye kuwanunua na kuwaacha wajilishe kama kuku wa bibi yake hupata mayai ya kuku wa bibi yake.

HESABU YA MAJIKE KUMI NA WAWILI

Bei za mayai na chakula hupanda na kushuka, lakini vipimo havibadiliki sana. Mfano ni wa nyumba yenye majike 12 wa chotara. Kila mmoja hula gramu 120 hivi kwa siku. Wote 12 hula kilo 1 na gramu 440. Gunia la kilo 70 litakwisha baada ya siku 48. Kwa mwaka mzima watakula kilo 525 na zaidi, ambazo ni magunia saba na nusu.

Wakitunzwa vema, na kila mmoja akataga mayai 280, jumla ni 3,360, yaani trei 112 za mayai 30. Gawanya trei hizo kwa magunia saba na nusu: kila gunia moja huleta trei 15, kwa kukadiria. Basi mwenye kutaka kufuga chotara na aende sokoni na penseli. Aulize bei ya gunia, aulize bei ya trei atakayopewa yeye, si ile auziwayo mnunuzi wa mwisho, aizidishe kwa 15. Kisha atoe bei ya vifaranga, chanjo, dawa, na chakula cha kukuza kila tembe mpaka aanze kutaga, ambacho ni kama kilo 7. Kilichobaki ndicho chake. Ikiwa hakuna kilichobaki, ni afadhali ajue kwa penseli kuliko kujua kwa ada ya shule iliyokosekana.

Wako wadhanio kwamba wakipunguza chakula nusu watapata nusu ya mayai. Sivyo. Chakula cha kwanza hutunza uhai wa kuku, kile kinachozidi ndicho kinachogeuka yai. Kuku anayepewa nusu huenda asitage hata robo.

Sasa majike 12 wa kienyeji: wakitaga 45 kila mmoja, jumla ni mayai 540, au trei 18, na mengi yao yataatamiwa. Ni machache mno kulinganisha na 3,360. Lakini nyumba hiyo haikununua magunia saba na nusu. Ilitoa mahindi kidogo jioni, maji safi, na banda la kulala. Kwa nyumba isiyo na fedha za kila mwezi, faida ndogo isiyo na deni ni bora kuliko faida kubwa inayosimama juu ya mkopo.

MAHALI NA WANUNUZI

Pwani na katika nchi kavu zenye joto, kuku wepesi na kishingo hustahimili zaidi, kwa sababu joto hutoka mwilini mwao kwa urahisi. Kuku mzito mwenye manyoya mengi huhema mchana kutwa, akaacha kula, akaacha kutaga. Limuru, Nyeri na sehemu nyingine za baridi huwafaa kuku wazito, mradi banda lisiingize upepo wala unyevu.

Wanunuzi nao wana mapenzi yao. Wengi hupenda ganda la kahawia wakidhani lina nguvu kuliko jeupe. Kwa kweli rangi ya ganda hutokana na aina ya kuku, wala haibadili chakula kilichomo ndani. Kiini cha manjano nacho hutokana na majani mabichi na mahindi ya manjano. Lakini mwuzaji hashindani na mnunuzi: mahali ambapo mayai ya kienyeji hununuliwa kwa bei kubwa kuliko ya chotara, jambo hilo liingie katika hesabu.

Jambo jingine hukumbukwa mara chache. Katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama, na fedha za mayai hununua chumvi, sabuni na daftari za watoto. Mara kwa mara bwana hununua kuku wa kigeni 50 kwa shauri lake mwenyewe, kisha kazi ya kuteka maji, kufagia na kulisha huwa ya mke na watoto, juu ya kazi zote walizokuwa nazo. Kuku hao hawatadumu. Atakayelisha ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kuchagua, na fedha za mayai zijulikane ni za nani tangu mwanzo.

MBEGU YA KESHO

Ikiwa mtu amechagua Rhode Island Red au aina nyingine safi, si lazima kila mara anunue vifaranga. Na aweke majike wawili au watatu wa kienyeji kuwa walezi. Mlezi wa kienyeji huweza kufunika mayai 10 hadi 12 ya kuku mkubwa na kuyaangua bila taa wala mashine. Kosa linalofanywa na wengi ni kuchinja kuku wote wa kienyeji siku wale wageni wanapofika. Baada ya mwaka huona mayai, lakini hawaoni wa kuyaatamia, na ukoo uliozoea nchi hiyo umekwisha kuliwa kwa ugali.

Njia nyingine ni kuleta jogoo. Mwaka 1976 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianza mpango wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na wafugaji wakapewa nafasi ya kubadili majogoo yao ya kienyeji kwa majogoo ya mbegu bora. Sababu ya kuanza na jogoo ni nyepesi: jogoo mmoja hutosha majike 10, na kila kifaranga cha uwanjani ni chake. Matembe wa uzazi wa kwanza huwa wakubwa na hutaga zaidi ya mama zao. Lakini jogoo huyo asiachwe kuzaa na binti zake. Abadilishwe kila mwaka, pamoja na kulisha vema, la sivyo faida hupungua kila kizazi.

Kuna mchanganyiko mmoja wenye manufaa ya pekee. Jogoo wa Rhode Island Red akipanda majike wa Light Sussex, vifaranga majike huwa na rangi ya dhahabu au kahawia, na vifaranga madume huwa na manyoya ya manjano meupe. Siku ile ile ya kuanguliwa mfugaji anajua matembe wake ni wangapi. Lakini akigeuza, akaweka jogoo wa Sussex na majike wa Rhode Island, dalili hiyo haitokei. Na dalili haifai kwa kizazi cha pili.

WAKATI WA KUNUNUA

Mwenye kununua vifaranga vya siku moja ahakikishe ni vya majike. Vifaranga madume vya kuku wa mayai ni vya bei rahisi sana, na wasio waaminifu huviuza sokoni kana kwamba ni majike. Mfugaji hugundua baada ya miezi mitatu, banda zima linapowika. Vifaranga vinahitaji joto kama la digrii 32 hadi 35 juma la kwanza, likipunguzwa kidogo kidogo. Asiye na taa au jiko la kuvipasha joto ni heri anunue matembe wachache wa majuma 16 au 18, ingawa bei yao ni kubwa.

Anunuaye majike wakubwa na awashike mkononi. Jike linalotaga lina upanga mwekundu ulio laini na wenye joto, tundu la kutagia pana na lenye unyevu, na mifupa miwili ya nyonga iliyoachana vidole viwili au vitatu. Upanga ukiwa mdogo, umekauka na kupauka, na mifupa imekaribiana kidole kimoja, jike hilo halitagi siku hizo.

Na kabla ya kutoa fedha, aulize habari za chanjo. Ugonjwa wa kideri, uitwao pia Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ambapo uligunduliwa mwaka 1926, huweza kuua karibu kuku wote wa boma kwa siku chache, nao hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, na hutolewa tena na tena: kwa kuku wa kienyeji, kila miezi mitatu au minne. Hakuna aina ya kuku, ya kienyeji wala ya kigeni, isiyouawa na kideri. Wengi husema kuku wao wa kigeni walikufa kwa sababu ni dhaifu, na ukiuliza husikia kwamba hawakuchanjwa, tena walichanganywa na kuku walionunuliwa sokoni Jumamosi. Kuku mpya akae peke yake majuma mawili kabla ya kuingia kundini.

UAMUZI

Nyumba isiyonunua chakula, yenye uwanja wa kutembea kuku, inafaa ibaki na kuku wa kienyeji, iwachanje, iwape banda la usiku, na ichague mayai ya kuatamia kwa daftari. Hatua hizo peke yake zitaongeza kuku kuliko kubadili aina. Nyumba yenye mahindi ya ziada na fedha kidogo, inayotaka mayai ya kula na ya kuuza, inafaa kuwa na Rhode Island Red, Australorp, Sussex, au kuku wa kienyeji walioboreshwa, pamoja na walezi wachache wa kienyeji. Nyumba yenye wanunuzi wa hakika kila juma, yenye fedha ya gunia kabla ya gunia kwisha, na mtu wa kukaa na kuku kila siku, hiyo ndiyo nyumba ya chotara. Mjini nako, penye ua mdogo na jirani wa karibu, majike sita bila jogoo watatosha, kwa kuwa jike hutaga bila jogoo. Mayai hayo hayaanguliki tu.

Aanzaye na aanze na wachache. Majike sita waliolishwa vema watamfundisha kwa mwaka mmoja mambo ambayo kuku 100 wenye njaa hawatamfundisha. Na mwenye shaka na amwendee afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kununua kuku, wala asimngojee mpaka siku ya kuwazika.